Uliyempa Ng'ombe Humuulizi Bei

Hoteli ya kwanza waliambiwa imejaa. Ya pili nayo ilikuwa imejaa, ingawa funguo nane zilining'inia ukutani nyuma ya kichwa cha mtu aliyesema hivyo, na Kamaliza alizihesabu mara mbili asije akamsingizia mwenzake siku ya Jumapili. Ya tatu hawakuambiwa kitu. Mwanamke wa mlangoni alijiziba pua kwa kitambaa, akawaonyesha barabara kwa kidevu.

Ilikuwa mwezi wa nane, jua kali, vumbi tupu, na Shasha, kijiji cha kando ya ziwa, ilikuwa imefurika. Watu wa mjini walikuwa wameshuka na magari yao na muziki wao. Wafanyabiashara wa madini wa Walikale nao walikuwepo, wamekuja kula faida kando ya maji, matumbo wazi, chupa mezani tangu asubuhi. Kila mwenye kipande cha shamba ufukweni alikuwa amejenga vyumba vya mbao na kuvipaka rangi ya bluu, na mwenye uwezo zaidi alikuwa amemwaga lori nne za mchanga juu ya tope na kuliita plaji. Huko ndiko watu walikolipa dola themanini kwa usiku mmoja ili walione ziwa ambalo wavuvi wanaliona bure.

Rukara alitangulia na kofia yake, koti lake la ushemasi na fimbo ya mchunga ng'ombe. Nyuma yake alikuja Kamaliza, mkewe, na gurudumu la jibini kichwani. Binti yao Umutoni alifuata kwa mbali. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, amefunga vitenge viwili na cha tatu amekikunja ndani kama nepi, na alitembea kwa hatua fupi akichagua upande ambao upepo haukuelekea kwa watu. Tangu mtoto wake afie tumboni, siku ya tatu ya uchungu, mikojo ilikuwa ikimtoka yenyewe mchana na usiku. Waganga wa hospitali huuita ugonjwa huo fistula. Majirani zao kule milimani waliuita majina ambayo Kamaliza hakutaka kuyarudia hata moyoni.

Asubuhi ile kwenye kituo cha afya, muuguzi aitwaye Emérita alikuwa amewaeleza mambo bila kuzungukazunguka.

"Mama, madaktari wanaanza kupasua kesho. Wagonjwa iko makumi mbili, vitanda iko sita. Kila mugonjwa anangojea zamu yake ndani ya nyumba ya kulala, si inje, si chini ya mabati ya kanisa. Munaniletea karatasi ya ile nyumba, na kashe juu, ile muhuri, na jina ya mugonjwa. Mbele ya saa kumi ya leo."

"Na kama hatupate nyumba?" aliuliza Kamaliza.

"Iko mwanamuke mumoja wa Pinga, amefanya siku tatu juu ya pikipiki. Yeye ni wa makumi mbili na mumoja." Emérita alikielekeza kichwa kwenye benchi, alipokaa mwanamke mwembamba aliyekuwa akiwatazama. "Anaomba Mungu mumoja wenu akose."

Sasa ilikuwa saa sita. Rukara alikuwa na dola thelathini ndani ya soksi, na hoteli zilikuwa zinakwisha.

*

Mbele ya nyumba moja ndefu ya mabati, mwanamke mnene aliyevaa kandambili alikuwa akimenya viazi. Jina lake, Agathe, lilikuwa limeandikwa kwa chaki mlangoni, na chini yake bei. Wanawake wawili walikuwa wamekaa kizingitini wakisukana, mabega wazi. Mwanamume mmoja alitoka akichomekea shati, akamkuta shemasi mbele yake, akageuka kulitazama ziwa kwa hamu kubwa.

"Chumba iko," alisema Agathe bila kuulizwa. "Dola tano usiku. Na matela ya kulalia iko na plastiki."

Kamaliza alisimama.

"Tusonge," alisema Rukara.

"Papa Umutoni, tuulize tu."

"Mule? Jina ya shemasi iandikwe mule, na kashe juu, nikaisomeshe pa hospitali mbele ya watu?" Alitema mate pembeni. "Nilikuwa sitaki kumusumbua Védaste. Muntu hafuate rafiki ya ng'ombe kama muntu mwenye kudai. Lakini sasa ni pa hoteli yake tunaenda."

"Ulishamuuliza bei ya chumba?"

Rukara alimtazama mkewe kana kwamba ametemea mate kwenye chombo cha maziwa.

"Muntu ulimupa ng'ombe, unamuulizaka bei?"

Kamaliza alilishika vizuri jibini lake, akamfuata, maana kwao ndivyo ilivyokuwa. Ng'ombe wa urafiki si sawa na kuku wa Noeli. Anayempokea amekuwa ndugu: ndama jike wa kwanza humrudia mtoaji, na ng'ombe mwenyewe hachinjwi mpaka mtoaji aambiwe. Miaka minne iliyopita, Védaste alipokuwa bado akipanda milima ya Masisi kununua jibini na kulala kwao sakafuni, Rukara alimfungulia Gaju, mtamba mwekundu aliyekuwa karibu kuzaa. Hakuwahi kudai ndama. Jioni nyingine alimtaja Gaju mezani, akikadiria uzao wake, na uso wake ulikuwa ukichanua. Kamaliza alikuwa akimwacha afurahi, kwa kuwa furaha nyingine nyumbani hazikuwepo.

*

Mlangoni pa hoteli yake, Védaste alimkumbatia Rukara mpaka kofia ikaanguka.

"Muzee wangu! Muzee wa ng'ombe! Claudette, kuya uone muzee aliyenifanya muntu!"

Mkono mtupu haulambwi, na Kamaliza alishusha jibini. Védaste alilipokea kwa mikono miwili, akalinusa, akafumba macho, akampa mtu alipeleke jikoni. Kisha akawakalisha chini ya mwavuli wa mwisho kabisa, mahali ambapo lori la mchanga halikufika, akaagiza Fanta tatu. Claudette, binti wa mapokezi mwenye kucha ndefu za rangi ya zambarau, alikuja na karatasi.

"Usiku ngapi?"

"Ine," alisema Rukara, akionyesha vidole vinne.

"Mutalipa sasa ao—"

Rukara alicheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliye kwake. "Uliza patron wako, mwanangu."

Claudette alikwenda kuuliza. Hakurudi.

Saa saba ilipita. Védaste alionekana meza hii, meza ile, akijaza bilauri, akipigwa mabegani. Sahani za jibini zilianza kutoka jikoni, limekatwa vipande vidogo vidogo, kila kipande kimechomwa kijiti, na Kamaliza aliitambua kazi ya mikono yake ikipita mbele ya pua yake kwenda kwa watu waliokuwa wakiila huku wanazungumza habari nyingine. Wao hawakuletewa kipande. Rukara alisema Védaste ana wageni wengi, mwenye nyumba ndivyo anavyokuwa. Saa nane alisema tena hivyohivyo.

Muda wote huo Umutoni alikuwa amesimama. Kiti alichopewa kilikuwa na mto mweupe.

"Kaa, mutoto wangu," alisema Rukara. "Unatuletea haya. Watu watasema hatujue kukaa."

"Papa, nitasimama."

"Kaa!"

Umutoni alimtazama mama yake. Kamaliza alipaswa kusema neno pale, na baadaye alijichukia kwamba hakulisema. Alikuwa amechoka, na binti alikuwa amechoka zaidi. Umutoni alikaa kwenye ncha kabisa ya kiti, mikono imeshika meza, kama mtu anayejaribu kuwa mwepesi.

Haikupita robo saa. Mwanamke wa meza ya jirani, miwani myeusi, kucha za miguu zimepakwa rangi, aliacha kutafuna.

"Ni nini inanuka hapa?" aliuliza. Aliuliza kwa sauti ya mtu aliyelipa. "Chéri, hauskie? Ni kama choo."

Mumewe alitazama huku na huku, macho yake yakatua chini ya kiti cha Umutoni, palipokuwa pakidondoka. Alimwambia mwenzake. Mwenzake alicheka. Kisha meza nzima ikahamisha viti vyake kwa kelele nyingi, wakiburuta miguu ya viti juu ya mchanga, ili hata waliokuwa hawajajua wajue. Wachafu ni hao. Kamaliza amekamua ng'ombe wenye kuhara, amezalisha wanawake gizani, ameosha maiti ya mjukuu wake kwa mikono hii, na hajawahi kuona kinyaa kama alichokiona siku hiyo kwenye midomo ile yenye makombo ya jibini lake.

*

Védaste alikuja haraka, bado anatabasamu kwa ajili ya wengine.

"Muzee, haukuniambia," alisema chinichini.

"Nikuambie nini? Ni mutoto wako. Mugonjwa. Anapasuliwa hapa wiki hii. Tunaomba chumba na karatasi ya Emérita."

"Hawa wakiliya, wageni wangu, wananilipa juu ya kuona ziwa, muzee. Hawanilipe juu ya kunusa." Alijikuna shingo. "Tufanye hivi. Nyuma ya jenereta iko depo, mahali ya kuweka makaa. Mutalala mule. Dola makumi mbili na tano usiku, kwa vile ni wewe. Lakini karatasi, hapana. Jina ya hoteli yangu juu ya karatasi ya ile ugonjwa? Watu watasemaje?"

Kamaliza alikuwa akipiga hesabu ya saa, si ya dola. Saa nane na nusu ilikuwa imepita. "Papa Umutoni," alisema, "tuende."

Lakini Rukara hakuwa akimsikia. Alikuwa amesimama, ameegemea fimbo kwa mikono miwili, na alizungumza taratibu, kama watu wanavyozungumza wanapofika kwenye neno kubwa.

"Védaste. Gaju amezaa mara ngapi?"

"Gaju?"

"Ng'ombe."

"Aah!" Védaste alicheka, na kicheko hicho hakikuwa cha ubaya hata kidogo, ndicho kilichokuwa kibaya. "Ile? Tuliichoma brosheti kwa Bonane, sikukuu ya mwaka mupya, mwaka ile ile! Muzee, watu walilamba vidole. Mpaka leo wananiuliza, ile nyama ulitoa wapi."

"Alikuwa na mimba."

"Ndiyo, wapishi walisema."

Shukrani ya punda ni mateke, lakini hata punda hamli aliyemlisha. Rangi ya uso wa Rukara iligeuka kuwa kama majivu ya jana. Kamaliza alingoja ainue fimbo. Aliomba aiinue, kutubu kungefuata kesho. Badala yake Rukara aliichukua kofia yake kitini, akaikung'uta mchanga, akaivaa.

"Na mto, muzee," alisema Claudette, aliyekuwa amefika na kijitabu. "Mto wa kiti ni dola kumi. Hautafuliwa, utatupwa."

Wote walimtazama Védaste. Angeweza kusema acha. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, na pengine Rukara angemsamehe hata ng'ombe. Védaste aliangalia ziwa.

Rukara aliinama mbele ya watu, akavua kiatu, akavua soksi, akahesabu dola kumi. Noti zilikuwa na joto la mguu. Claudette alizipokea kwa ncha za kucha, na Védaste aliona zikipokelewa. Kamaliza alimwinua binti yake, akauchukua ule mto, akauweka kwapani.

"Unapeleka wapi ile?" aliuliza Claudette.

"Tumeulipa," alisema Kamaliza. "Ni wetu. Munajua kula vya watu, sisi tunabeba vyetu."

*

Kwa Agathe bei ilikuwa imebadilika.

"Saa sita ilikuwa tano, ndiyo. Sasa ni nane. Watu wa pombe wameanza kuingia, Mama, chumba yangu moja inaweza kula watu sita mbele ya jua kuzama. Nikikupa usiku ine, nani atanilipa wale sita?"

"Tuko na makumi mbili tu."

"Makumi mbili haifike."

Rukara alikuwa amebaki barabarani, mgongo kwao. Kamaliza alimtazama Agathe machoni. Hakuona huruma mle, wala hakuitafuta. Aliona mtu wa biashara, na baada ya mchana ule aliona afadhali.

"Mutoto anavuja mikojo," alisema. "Ninakuambia sasa, kusudi usiseme sikukuambia."

"Nimeisha kunusa tangu saa sita. Humu ndani watu wanamwaga mambo mabaya kupita mikojo." Agathe aliokota kiazi kingine. "Mwenye kunifulia ameenda bila kuaga, juzi. Unajua kufua?"

"Mashuka ngapi?"

"Kwa siku? Makumi mbili. Siku ya Jumapili, makumi tatu."

Kamaliza aliyaona. Yalikuwa yamerundikwa kwenye kona ya ua, yamejikunja, yana madoa, na nzi walikuwa wanajua vizuri kilichokuwamo. Yeye, mke wa shemasi, aliyekuwa akifua kitambaa cha meza ya Bwana na kukianika peke yake ili kisigusane na nguo nyingine. Alikunja mikono ya nguo yake.

"Nitafua siku zote ine. Kuanzia leo. Na dola makumi mbili. Wewe unipe karatasi yenye kashe, ya hospitali."

"Na viazi."

"Na viazi."

Agathe alijifuta mikono, akaenda ndani, akarudi na kitabu cha fishi za wageni na kalamu. Kilikuwa kimebaki na karatasi moja. "Watu wa usalama wanapitaka kila jioni, kwa hiyo andikeni vizuri, sina ingine mpaka kesho. Papa aandike. Jina lolote, wote wanaandikaka ya uongo."

"Saa ngapi sasa?" aliuliza Kamaliza.

"Tisa na dakika makumi ine."

Kamaliza alimwita mumewe. Rukara aliingia akiwa ameshusha kofia mpaka kwenye nyusi, akaketi kwenye kigoda, akaiweka karatasi juu ya goti. Aliandika. Kamaliza alimwingiza Umutoni chumbani, akamlaza juu ya plastiki, akamvua vitenge, akamwosha mapaja yaliyokuwa yamechubuka mekundu. Umutoni aligeukia ukutani.

"Mama, turudi nyumbani. Yule wa Pinga apate."

"Nyamaza. Yule wa Pinga iko na mama yake. Mama yako ni mimi."

Alipotoka, Rukara alikuwa bado anaandika. Aliandika kwa mwandiko wake mzuri wa kumbukumbu za kanisa, herufi zimesimama wima. Agathe alikuwa amesimama nyuma yake, mdomo wazi. Kamaliza aliinama akasoma. Kwenye mstari wa jina: Rukara, shemasi. Kwenye mstari wa mahali atokako: Masisi, kwa wenye ng'ombe. Kisha, kwenye mstari wa sababu ya safari, na wa idadi ya watu, na wa majina ya alio nao, mpaka chini: Ninashuhudia kwamba Védaste mwenye hoteli alipokea ng'ombe wangu wa urafiki jina lake Gaju, akamchinja na mimba yake bila kuniambia, akawalisha walevi, kisha akanitoza dola kumi za mto.

Kila neno lilikuwa kweli. Jina la Umutoni halikuwepo popote.

Hasira ilimpanda Kamaliza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo haikuwa ya watu wa hoteli. Alimnyang'anya kalamu. Alikata mstari juu ya Gaju, mstari juu ya mimba, mstari juu ya mto, akikandamiza mpaka karatasi ikataka kutoboka, na katika nafasi nyembamba iliyobaki pembeni akaandika kwa herufi kubwa za mtu aliyesoma miaka minne tu: UMUTONI. MUGONJWA. ANALALA HAPA.

"Umefuta ng'ombe yangu," alisema Rukara. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Ng'ombe iliisha kuliwa, Papa Umutoni. Mutoto bado. Kashe, Mama Agathe."

Agathe alipiga muhuri. Jina la nyumba yake lilikaa katikati, jeusi, linasomeka kutoka mbali. Kamaliza alimkabidhi mumewe karatasi, akamgeuza kwa mabega, akamsukuma barabarani. Rukara alisita hatua mbili. Kisha akaanza kutembea, na baadaye kukimbia, mkono mmoja umeshika kofia.

*

Rukara alirudi wakati Kamaliza amefikia shuka la tisa. Alisimama uani kwa muda, akihema.

"Wamepokea," alisema. "Yeye ni wa ine. Kesho kutwa."

Kamaliza aliendelea kusugua.

"Emérita alisoma jina ya nyumba kwa sauti. Mbele ya wote. Wale wa kanisa ya Kashuga walikuwa pale, walinijua." Alivua kofia. "Yule mwanamuke wa Pinga aliona karatasi, akalia. Akaniambia aksanti, sijue juu ya nini."

Kamaliza aliinua shuka kutoka kwenye beseni. Lilikuwa zito, la watu wawili, na lilikuwa likichuruzika maji ya rangi ambayo hakutaka kuijua. Alijaribu kulikamua peke yake, likamshinda, ncha ikabaki inaburuta matopeni. Rukara alivua koti la ushemasi, akatafuta mahali pasafi pa kuliweka, hakupaona, akalitundika kwenye msumari wa choo. Akaiokota ncha ya pili ya shuka kwa vidole viwili, kisha kwa mkono mzima, akageuza uso pembeni, na wakaanza kukamua, yeye akizungusha kulia na mkewe akizungusha kushoto.